Kiondo cha Simu

Mama,

Ni mimi, Wambui wako, yule wa mdomo. Nakuandikia kwa kalamu, si kwa simu, kwa hivyo usianze kunikunjia uso.

Tangu tukuzike, nyumba ya Kiminini imebaki na Baba na redio yake. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mahindi tumevuna. Na kiondo chako, kile kikapu cha kusuka, nimekipata jikoni, kimesukumwa juu ya dari, kimejaa masizi. Nilikikumbatia nikalia mpaka Baba akaja kuuliza kama nimeungua.

Unakumbuka kilivyotundikwa mlangoni? Mgeni akifika, kabla ya chai: "Simu kwa kiondo, mwanangu. Hiyo kitu inanichoma kichwa." Hata pasta alitoa yake. Watu walikucheka wakishafika barabarani, na mimi niliona aibu. Nilikuwa nauza simu dukani Bungoma. Ningewaambia nini wateja, ati simu inamchoma mamangu?

Basi Krismasi ile nikakupima. Nilificha simu yangu, imewashwa, chini ya mto wa kiti chako. Ukakaa, ukachambua maharagwe, ukaimba. Hukusikia kitu. Kesho yake nikaweka nyingine mezani, nikakwambia inafanya kazi. Ukashika kichwa, machozi yakakutoka, ukatapika kwa beseni. Nami, mbele ya ndugu zangu, shangazi na majirani, nikaifungua ile simu nikawaonyesha: haina hata betri! Nyumba nzima ilicheka. Nilijiona wakili.

Wewe hukucheka. Ulifuta mdomo kwa leso ukasema, "Basi, Wambui. Umeshinda." Ukakitoa kiondo mlangoni.

Hukulalamika tena. Simu yangu ikilia, ulienda jikoni, ati kuangalia sufuria. Nilidhani umepona. Kumbe! Jirani yako, Mama Nafula, ameniambia ulikuwa unakaa huko kwa moshi, umejifunga leso kichwani kwa nguvu, unamwomba, "Usimwambie Wambui. Atanipima tena."

Mama, siku tulipokukimbiza hospitali Kitale ulikuwa huongei. Daktari alisema ni presha ya miaka mingi, mshipa umepasuka kichwani, simu haihusiki. Kisha akauliza, "Kwani hakuwa analalamika kichwa?" Wote wakaniangalia.

Hata leo siamini simu ilikuchoma. Sitaanza kukudanganya sasa. Lakini matapishi yale yalikuwa ya kweli, mimi ndiye niliyemwaga beseni. Kichwa kilikuuma, Mama. Nilipima simu, sikupima kichwa. Nisamehe.

Kiondo nimekiosha, nimekitundika pale pale. Ndugu yangu Kamau alipofika alisimama akacheka: "Si ulituonyesha hakuna kitu?" Nikamwambia, "Weka simu humo, bana, ama unywe chai nje." Aliniangalia, akaweka.

Pumzika, Mama yangu. Kila nikija nyumbani nitaacha simu mlangoni, nije nikae kando ya kaburi lako bila haraka, nikuulize lile nililopaswa kukuuliza siku ile mbele ya watu: Mama, kinauma wapi?

Ni mimi mtoto wako,
Wambui