Hodi ya Nne

Somo wangu,

Nimefika! Ile karavani yetu, nyumba ya magurudumu uliyoiita banda la kuku, iliyolala uani kwangu Penrith, pembeni mwa Sydney, miaka yote hiyo ikiota kuvu, nimeivuta mwenyewe mpaka huku kaskazini kwenye joto. Si wewe uliyesema tukistaafu kuuguza wazee wa watu, baridi ya Sydney tutaisikia kwenye simu tu? Ukafa kabla. Nilikukasirikia, nakwambia ukweli. Halafu nikatia gari moto.

Lulu, binti yangu, alinipa sharti. "Mama, ukianguka huko peke yako, nani atajua?" Nikiugua mara moja tu, narudi Penrith na karavani inauzwa. Nilikubali kwa shingo upande, maana swali hilo hata mimi lilikuwa likininyima usingizi.

Kambi hii ya karavani ni wazee watupu waliokimbia baridi kama mimi. Asubuhi kila mtu na taulo begani kwenda bafu la pamoja, nguo zetu zote zinakauka kwenye kamba moja. Lakini wiki ya kwanza walinipungia mkono tu, kisha kila mmoja akajifungia kwake. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukija kwangu, kengele ipo mlangoni huigusi, unapaza sauti mtaa mzima usikie. "Kengele ni ya watu wa umeme," ulisema. Basi nikapita mlango kwa mlango na birika la chai ya maziwa: "Hodi!" Wakadhani nauza kitu! Nikawafundisha. Sasa kila asubuhi kambi nzima ni hodi, karibu, hodi, karibu. Ken, jirani yangu, mjane mwenye sikio moja zima, yeye huita kama anaita ng'ombe. Nilimfundisha na adabu yake: ukipiga hodi tatu bila jibu, unageuka unakwenda zako.

Wiki iliyopita nikashikwa na homa. Kulikucha mwili mzito, sauti imekauka, simu iko mezani na mkono haufiki. Nikamsikia Ken nje. Hodi. Hodi. Hodi. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikasema basi, mwanafunzi wangu ana adabu, amekwenda.

Akapiga ya nne! Haki ya Mungu, Somo, ya nne, ya tano, kisha akasukuma mlango, na nyuma yake akina mama watatu na taulo zao begani. Nililia. Wakaniitia daktari, wakanipikia supu isiyo na chumvi, wakakaa nami kwa zamu. Lulu alipopiga simu, Ken ndiye aliyepokea, akamweleza yote bila kuficha. Nikajua yangu yamekwisha. Lulu, yeye ambaye hunijibu kwa Kiingereza siku zote, akasema kwa Kiswahili: "Mama, kaa huko."

Karavani haiuzwi! Nimepona, na jana nimewapikia chapati wakalamba vidole.

Pumzika, Somo. Kila baridi ikiingia Penrith nitakuja huku, na kiti chako nitakiweka nje kando ya changu. Siku yangu ikifika nitapiga hodi kwako, ila usiningoje mapema. Sasa kumekucha, Ken hajafungua mlango wake, na mimi siku hizi siishii hodi tatu.

Ni mimi,
Rehema mwenzio