Kisima cha Mkwe Wangu

Jumatatu, 3 Februari

Umekuwa wapi, Bosibori? Tangu wiki ya Krismasi hujafungua hiki kitabu. Mwalimu wa ngumbaru alihangaika na wewe pale kanisani, mkono wako mgumu kama mpini wa jembe, mpaka ukajua kuandika Kiswahili cha watu. Halafu unakaa tu. Aibu. Hakuna mwingine anayesoma humu ila wewe, na hata wewe huji.

Basi andika.

Nimetoka chemchemini. Foleni imefika kwenye migomba. Paipu inatoa maji membamba kama mkia wa panya. Mwaka jana wakati kama huu jerikeni ilijaa kabla hujamaliza kusalimia watu. Leo nimesalimia wote, nimeuliza habari za ng'ombe wao, nimesikia uchumba wa binti wa jirani kuanzia mwanzo mpaka ulipovunjika. Jerikeni nusu.

Ni blugamu, hii mikaratusi. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Bonde lote limepandwa miti hiyo mpaka kwenye mdomo wa chemchemi. Hata marehemu mume wangu alipanda yake. Wakati huo watu waliambiwa inakausha matope, shamba liongezeke. Imekausha.

Naogopa. Njaa nimeshawahi kuiogopa. Maji sijawahi.

Jumatano, 5 Februari

Moraa, binti yangu, amekuja kutoka Nyamarambe na mume wake. Huyo mume ni fundi wa kuchimba visima. Amesikia habari ya chemchemi, akasema mama mkwe wake hatapanga foleni na jerikeni yeye akiwa hai. Hakuniambia mimi. Alimwambia Moraa nyuma ya nyumba, kwa sauti ya kunifikia jikoni.

Ndivyo tulivyo. Kati yangu na yeye kuna ensoni, ile haya ya mama mkwe na mkwe. Simpi mkono. Siketi naye chumba kimoja. Jina lake silitamki, hata humu siliandiki. Tangu amwoe Moraa sijamtazama usoni. Ninamjua kwa viatu. Kijana mzuri, anafunga kamba za viatu vizuri. Analala kwa rafiki yake huko Nyakoe, asubuhi analetwa na boda.

Amechagua mahali chini ya ndizi ambapo nyasi hazijakauka. Choo kiko mbali, upande wa chini. Hapo niliridhika. Maji yanatembea ndani ya udongo kama yanavyotembea juu, na yakipita chooni yanakuletea choo kwenye kikombe.

Ijumaa, 7 Februari

Udongo mwekundu umeisha. Sasa unatoka wa kijivu, wa baridi, unaoganda mikononi. Kichwa cha fundi hakionekani tena. Nasikia jembe tu. Likinyamaza, natoka jikoni na mwiko mkononi.

Anashuka bila kamba kiunoni. Moraa anasema mafundi wote hufanya hivyo. Nikaenda karibu na shimo, nikamtazama kuku, nikamwambia kwa sauti: wewe kuku, mtu akishuka mle bila kujifunga, hatakula ugali wa nyumba hii, na mke wake nitamchukua nirudi naye jikoni.

Shimo likacheka. Halafu likasema, "Moraa, mwambie huyo kuku nimesikia."

Mchana alishuka na kamba. Moraa ameifunga kwenye gogo lililolazwa juu ya shimo. Mimi nimeivuta mara nyingi kuona kama inashika.

Sabato, 8 Februari

Hakuna kuchimba. Mhubiri alihubiri juu ya maji ya uzima. Sikusikia kitu. Nilifikiria shimo liko wazi na watoto wa watu wanapita. Nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho, nikalifunika kwa mabati. Halafu nikaogopa mabati yasiingie. Nikaweka mawe.

Jumanne, 11 Februari

Maji.

Yametoka meupe kama maji ya kuosha mchele. Moraa alicheza uwanjani kama msichana. Nilichota kwenye sufuria nikaacha yatulie. Matope yakaketi chini, juu pakabaki pasafi. Nikaonja. Ladha ya msumari. Ya ng'ombe na kufua yanafaa. Ya kunywa nitachemsha.

Nilitakiwa kufurahi. Lakini yeye anasema haya ni maji ya juu juu, kiangazi kikikaza yanakimbia. Anataka kushuka zaidi. Na shimo linajaa kuliko ndoo inavyotoa, kwa hiyo anaenda mjini Kisii kuazima pampu ya petroli.

Nilimwambia Moraa amwambie yatosha. Tunywe kilichopo. Mvua za Machi zinakuja, mabati ninayo juu ya nyumba, kinachokosekana ni mfereji wa kukinga maji na tangi. Moraa akasema, "Mama, unamwogopea kuliko mimi mkewe."

Ni kweli. Wewe msichana hujawahi kuzika mume.

Ijumaa, 14 Februari

Jana sikuweza kushika kalamu.

Jana asubuhi Moraa na mume wake waliteremsha pampu, wakaiweka juu ya ubao mle ndani. Akashuka, akaiwasha, akapanda. Ikanguruma. Maji yakatoka kwenye mpira mpaka kwenye ndizi. Petroli ikaisha, ikanyamaza. Akashuka kuufungua mpira. Kamba kiunoni, namshukuru Mungu na yule kuku.

Nilikuwa napepeta wimbi. Nikasubiri nisikie chuma kinagonga. Kimya. Moraa akamwita. Kimya. Nikatupa ungo.

Nilichungulia. Ameketi majini, mgongo ukutani, kichwa kifuani kama mtu anayesinzia kanisani. Harufu ya petroli ikanipanda puani.

Moraa akaanza kushuka. Ameshaweka mguu ndani. Nikamshika kwa leso aliyojifunga, nikamvuta, nikamwangusha, nikamkalia. Alinikwaruza. Alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Sikutoka. Nimesikia habari za visima hivi: mmoja akilala, wa pili anamfuata, wa tatu anawafuata wawili, jioni mnazika ukoo. Nilipiga ukemi mpaka koo likachanika.

Wanawake waliokuwa wakichuma chai shamba la pili wakaja mbio na vikapu mgongoni. Mbele yao Nyaboke, yule mwenye mdomo. Wakashika kamba, wakavuta. Haikuja. Mguu wake ulikuwa umenaswa kwenye mpira wa pampu, chini ya ubao. Wakivuta, wanamkaza. Wakamwita fundi, wakamwita baba fulani, kila jina la heshima. Hakusikia.

Nikawaachia Moraa wamshike. Nikalala kifudifudi kwenye ukingo, nikaita jina lake.

Makori.

Nililiita kama ninavyoita watoto wangu wakiwa wameiba sukari. Makori, toa mguu. Makori, mimi nasema toa huo mguu.

Akainua kichwa. Mwanamume wa Kisii akiitwa jina na mama mkwe wake, hata kaburini atageuka. Macho hayakuona kitu, lakini mguu ukasogea. Ukatoka. Tukavuta. Nami nilishika kamba, na alipofika juu nilimshika yeye, kwapani, mzito, amelowa, uso wake kwenye bega langu. Tukamlaza upande. Nyaboke akamfungua shati. Mimi nilimmwagia maji kifuani, maji yale yale. Akakohoa.

Nyaboke akasema, "Bosibori, umemkumbatia mkwe wako mbele ya kijiji kizima."

Nikamwambia aende akatafute gari.

Jumapili, 16 Februari

Hospitalini Kisii. Yuko hai. Ana mashine ya hewa puani. Mimi nakaa nje kwenye benchi, karibu na mfereji wa kunawia, kwa sababu siwezi kuingia chumba alicholala. Moraa anatoka, ananiambia, anarudi.

Daktari alimweleza Moraa. Moshi wa pampu hauna mahali pa kwenda ndani ya kisima. Maji yalipotoka, moshi ukakaa mahali pake, na mtu hauoni wala hausikii. Kama Moraa angemfuata, asingetoka hai.

Moraa aliniambia hivyo, akanishika mkono wenye mikwaruzo yake.

Bado naogopa. Daktari anasema wengine huamka lakini akili inabaki nyuma. Jana mkwe wangu alimwita Moraa kwa jina la dada yake. Leo aliuliza, "Nani aliniita?" Moraa akamwambia ni Nyaboke. Akasema hapana, Nyaboke hana sauti hiyo.

Karibu na benchi mfereji umeharibika, maji yanadondoka mchana kutwa. Watu wanapita. Nimeufunga kwa kitambaa cha kichwani.

Jumanne, 25 Februari

Ameruhusiwa. Anatembea polepole. Jina la mkewe analijua, la mama yake analijua. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Kisima hakitachimbwa zaidi. Nimesema. Kimejengewa ukingo na kufunikwa kwa mbao nzito, na kina maji ya kutosha ng'ombe. Pampu imerudi kwa mwenyewe.

Blugamu za marehemu nimezikatisha zote. Visiki nimeacha vishike udongo, vikichipua nitavikwangua. Mahali pake naotesha miti ya kienyeji, ile isiyo na kiu. Nyaboke amemwambia mume wake naye akate, au awe anapanga foleni mwenyewe na jerikeni kichwani. Alikata juzi. Wengine wanaangalia tu.

Paipu haijaongezeka. Mlima haukauki siku moja, na haujai maji siku moja.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ilinyesha jana mchana. Mfereji wa mabati umewekwa, tangi bado, kwa hiyo nilikinga kwa sufuria na beseni.

Leo walikuja, Moraa na mumewe. Yeye alikaa nje upande wa ukuta, mimi ndani upande huu. Ensoni imerudi mahali pake. Viatu vyake niliviona kwenye mlango, vimefungwa vizuri.

Akasema, "Moraa, mwambie aliyeniita kwamba nilisikia."

Moraa akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

Halafu akaomba maji. Nilichota mwenyewe, maji ya mvua yaliyotulia, kikombe kikubwa. Nikampa Moraa apeleke. Nikamsikia akimeza. Nilisimama hapo mpaka akamaliza.

Ukirudi, Bosibori, usikae mpaka Krismasi. Na uje na kalamu nyingine, hii inakwaruza.