Kofia ya Chuma Aliyonifulia Mume Wangu Hainiingii

Mpendwa Bibi Baukje,

Nakusoma kila Jumamosi kabla hata sijasoma matangazo ya vifo, na sikuwahi kudhani iko siku nami nitakaa kukuandikia, lakini maji yamenifika shingoni na sina wa kumweleza, kwa sababu kila ninayemjua anamjua na mume wangu, na kijiji chetu ukipiga chafya jikoni mwako jirani anakuletea limau.

Nina miaka arobaini na saba, kazi yangu ni kufungua daraja la mfereji hapa nje ya mji wa Dokkum, boti ikija napandisha, ikipita nashusha, na mwisho wa wiki navaa deraya naenda kupigana. Usicheke, Bibi. Sisi hatuigizi, tunapigana kweli, watano kwa watano, kwa panga na shoka za chuma zisizo na makali, na anayeanguka chini ndiyo ametoka. Miaka minne iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu kwenda kutazama tu, yeye akarudi nyumbani na aiskrimu, mimi nikarudi nimejiandikisha, na tangu siku hiyo mbavu zinaniuma kila Jumatatu na darajani naimba.

Vifaa kila mtu anajitafutia, mwingine anaagiza kwa mhunzi wa Poland na kungoja miezi minane, mwingine anangoja mwenzake aache mchezo amwachie vikinga vya magoti na mabega, na lazima vyote vifanane na vile vya karne moja na nchi moja, wakaguzi wetu hawana mchezo, wanataka kuona picha ya kitu chenyewe kilichofukuliwa ardhini. Mimi nilikamilisha kidogokidogo, ila kofia ya chuma nilikuwa naazima.

Sasa mume wangu, Eelke, alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha matangi ya maziwa, chuma anakijua kama mama anavyomjua mwanawe, kisha kiwanda kikafungwa, na majira mawili ya baridi akakaa dirishani akitazama baiskeli zinapita, ukimuuliza unakula nini anasema "sawa tu", twende kwa dada yako, "sawa tu", na hiyo "sawa tu" iliniogopesha kuliko matusi. Mpaka siku moja akaiokota ile kofia ya kuazima mezani, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Hii aliifua nani, mlevi?" Kesho yake alikwenda makumbusho kuchora. Wiki iliyofuata kulikuwa na fuawe bandani. Miezi kumi na minne, Bibi, nilisikia nyundo nikiwa jikoni nikasema alhamdulillahi, hata mimi nisiye wa dini hiyo wala yoyote, mume wangu amerudi.

Samahani, imekuja boti ya Wajerumani na mlingoti mrefu, nimerudi.

Kuhusu kipimo, hilo si jambo kubwa, nakueleza tu ili ujue yote. Alikuja mezani Jumapili na futikamba, akasema lete kofia yako ya pamba, ile ya kuvaa chini ya chuma, maana kichwa cha mpiganaji hupimwa juu ya pamba, hilo hata mtoto wa chama chetu analijua, na mimi ya kwangu nilikuwa sijaishona, kitani kilikuwa kwenye mfuko tangu Krismasi, nikaona haya, nikamwambia, "Ah, wewe pima tu, mpenzi, ya pamba nitaishona nyembamba." Akaniuliza, "Una uhakika?" Nikasema ninao. Akapima.

Alinipa siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, kahawa mezani na mkate wa sukari, na ndani ya kisanduku ile kofia. Bibi, ningekuwa na uwezo wa kukuchorea! Ina ukanda wa shaba kuzunguka macho, na kifuniko cha uso kinapanda na kushuka kimya kama mlango wa kabati jipya. Nililia. Kisha nikavaa kofia yangu ya pamba, tabaka kumi na nane, nimeishona mwenyewe hatimaye, nikaichukua ile ya chuma nikaivuta, ikakwama juu ya masikio. Nikamwambia, "Inabana kidogo tu, italegea." Chuma, Bibi! Nilimwambia mtu wa matangi kwamba chuma kitalegea! Akacheka, akaenda kumpigia simu dada yake Hinke.

Basi nikafumua pamba. Kwanza nikatoa tabaka sita, haikutosha, nikatoa nyingine, sasa zimebaki tano na kofia inaingia. Wiki iliyopita mazoezini Rixt, msaidizi wa daktari wa meno, msichana mpole sana asipokuwa na shoka, alinipiga juu ya sikio nikaona Rixt wawili, na wote wawili wananiomba radhi. Gosse, nahodha wetu, akaja mbio.

"Mama, hiyo kofia imekukaaje?"

"Imenikaa vizuri."

"Imekukaa kama kifuniko cha sufuria isiyo yake. Vua nione una nini ndani."

"Gosse, kachungulie yaliyomo kichwani mwako kwanza, usikose cha kuona."

Watu wakacheka. Nyumbani nilitapika, na kichwa kiliniuma siku nne, Eelke nikamwambia ni samaki.

Halafu nikafanya jambo jingine. Kuna mama wa mji wa Zwolle ameacha mchezo kwa sababu ya goti, nimenunua kofia yake, imebonyea, mbaya kama ndoo ya kunyweshea ndama, nimeivaa juu ya pamba kamili na inanikaa utadhani nilizaliwa nayo. Nimeificha hapa kwenye kibanda cha daraja, chini ya maboya ya uokoaji. Pentekoste tuna mashindano, wiki tatu zimebaki, na Eelke amealika kwaya yake nzima, wanaume kumi na wanane, waje wasikie kofia yake inavyolia ikipigwa. Nikivaa ndoo, ataiona. Nikivaa yake, mkaguzi atatia vidole ndani aone pamba haitoshi, na atasema kwa sauti mbele ya kwaya kwamba kofia hii haifai kupigania. Nimefikiria kusema mgongo unaniuma nisipigane kabisa. Nimefikiria kumwambia ni nzuri mno, naionea huruma kuibonyeza. Yeye kila asubuhi ananiuliza, "Inakaaje?" na mimi najibu, "Vizuri sana." Sitaki arudi dirishani, Bibi. Sitaki kabisa. Nifanye nini?

Naomba usitaje jina langu.

Mimi, Mwenye Kichwa Kilichobanwa

*

Mwenye Kichwa, mwanangu,

Umeniomba nisitaje jina lako, baada ya kunitajia daraja, mume, kiwanda, wifi na kwaya. Majina yote nimeyabadilisha. Lakini wanawake wanaofungua madaraja na kupigana kwa shoka katika mkoa huu, nadhani tunaye mmoja tu. Hilo nitalirudia.

Kwanza kichwa. Kupigwa juu ya sikio, kuona watu wawili, kutapika, maumivu siku nne: huyo si samaki, huo ni ubongo uliotikiswa, na wewe unalijua hilo maana ungekuwa hujui usingedanganya. Ukiweka chini barua hii unampigia daktari. Mpaka atakapokuruhusu, hugusi hata rungu la mazoezi. Akikuambia Pentekoste ni mapema mno, utakaa benchi na kupiga makofi kama wengine. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa sisemi kwa kukutisha. Dada yangu aliendesha baiskeli wiki nzima na kichwa cha namna hiyo.

Sasa tuje kwenye lile ulilosema si jambo kubwa. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nikifika mahali pa futikamba naona mwandiko umekwenda mbio. Mtu wa watu alikuambia lete pamba. Akakuuliza kama una uhakika. Ukasema ninao, kwa sababu uliona haya kwamba tangu Krismasi hujashona! Kofia ya Eelke haina kosa lolote, bibi wee. Ni sawasawa kabisa na kipimo ulichompa. Unasema unamwogopea dirisha, na nakuamini, unampenda, hilo linavuja kila mstari. Ila chini ya hofu hiyo iko nyingine ndogo, nayo ndiyo iliyokufanya ufumue tabaka kumi na tatu: unaogopa kusema "kosa ni langu." Umehatarisha fuvu ili usitamke maneno matatu.

Na kila asubuhi unamvika yule mzee kilemba cha ukoka. Anauliza inakaaje, unasema vizuri sana. Hivi fundi wa miaka thelathini na moja, aliyeambiwa na mkewe kwamba chuma kitalegea, unafikiri alicheka kwa nini? Na kwa nini anauliza kila siku? Mtu aliyeridhika na jibu haulizi tena kesho yake. Sisemi anajua. Nasema ana wasiwasi, na wewe unamwacha nao peke yake, kisha unasema unamlinda.

Hicho kisingizio cha "nzuri mno kuibonyeza" kitupe mferejini. Alimfulia mpiganaji. Ukiifanya pambo la kabati ndipo utamrudisha dirishani, tena kwa mkono wako.

Nimempigia simu mhunzi ninayemfahamu, Lammert, mzee mkali anayechukia magazeti. Nilimuuliza kama kofia iliyobana inaweza kupanuliwa. Akaniambia, "Inaweza, mama, kama unataka chuma kiwe chembamba pale pale shoka linapotua." Kwa hiyo usiende kumwomba Eelke aigongegonge kidogo. Lile bakuli la kichwa linaanza upya. Ukanda wa shaba unahamishika, kifuniko cha uso pengine nacho, kazi ya pili haitachukua miezi kumi na minne kwa sababu mkono wake sasa umejua njia. Kabla hajakata simu Lammert alisema, na hili alilisema bila kuulizwa, kwamba yeye kofia yake ya kwanza haikumwingia mtu yeyote, ya pili ikamwingia mbwa, na ya tatu ndiyo akauza.

Utafanya hivi. Leo ukitoka kazini unabeba ile ndoo, na ile pamba iliyofumuliwa, tabaka zote zilizobaki na ulizotoa kama hujazitupa. Usimngojee mezani, mezani kuna kahawa na kahawa inaahirisha mambo. Nenda bandani akiwa amesimama mbele ya fuawe yake. Sema hivi, usiongeze chumvi wala sukari: "Eelke, haiingii. Uliniuliza kama nina uhakika nikakudanganya. Nimetoa pamba ili iingie, na nimeumia." Kisha nyamaza. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, na mtu anayekasirika hasemi "sawa tu." Akimaliza, mpe ndoo ya Zwolle aitoe mabonyeo, abadilishe mikanda, aikague mwenyewe kabla hujaivaa mbele ya mtu mwingine. Kama daktari ameridhia na ukapigana Pentekoste, kwaya itasikia ndoo iliyopita mikononi mwake, na hiyo nayo italia. Kisha kaeni, uvae pamba kumi na nane, apime tena.

Gosse umwombe radhi. Alikuwa sahihi, nawe ulimjibu utumbo mbele ya watu, basi radhi iwe mbele ya watu hao hao. Rixt mwambie apige tu, yeye hana kosa.

Nilisema nitalirudia lile la majina. Jibu hili nimekutumia kwa posta Jumatatu, kwenye anwani uliyoandika nyuma ya bahasha. Gazeti linatoka Jumamosi. Hukuniambia kama Eelke ananisoma, lakini miaka yangu ishirini na miwili mezani hapa imenifunza kwamba waume husema wanatafuta hali ya hewa, na hali ya hewa iko ukurasa huu huu, chini yangu. Una siku chache za kumwambia kwa mdomo wako. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako nimeifupisha makusudi, uninunie ukipenda.

Mumeo alipiga nyundo miezi kumi na minne ili kichwa chako kisidhurike. Siku akijua kimedhurikia ndani ya kofia yake, na kwamba wewe ulijua ukanyamaza, hatashika nyundo tena, na hapo hakuna barua utakayoniandikia nikakusaidia. Leo bado anaweza kukasirika, kucheka, na kukata bamba jingine. Mwambie leo.

Bibi Baukje