Kaburi la Kukodi

Shemeji Muthamia,

Bwana asifiwe. Mguu wako umepona? Kahawa imechanua? Hapa kijijini kwetu Ufaransa mto umefurika hadi ukuta wa makaburi. Kanisa hufunguliwa mara moja kwa mwezi, kwa hivyo mimi huomba jikoni.

Ndugu yako Gitobu hainuki tena kitandani, na daktari amekataza safari. Juzi jirani alituambia kaburi hapa hukodishwa kwa miaka, ikiisha mifupa hutolewa. Gitobu akacheka: "Makandi, yaani landilodi atanifukuza hata nikiwa maiti?" Kisha akalia.

Shemeji, najua mligombana juu ya shamba. Akifa, kubali tumlete alale kando ya baba yenu. Tafadhali nijibu upesi, angali anaweza kusikia nikimsomea.

Shemeji yako,
Makandi