Ufunguo wa Akiba wa Shangazi

Shoga, uko wapi? Nina hasira!

Unaukumbuka ule ufunguo wa akiba niliompa shangazi animwagilie maua nikisafiri? Leo nimetoka kazini nakuta mlango wangu wazi. Ndani kuna mwanaume hata simjui, kakalia kiti changu. Kiti chenyewe ninacho kimoja tu!

Shangazi yuko dirishani na futi, anapima mapazia. Wala hakushtuka.

"Nimemleta mchumba wako apaone atakapokaa."

Atakapokaa! Kwangu! Nikamwambia, shangazi, sijakosa mume, nimechagua kukaa peke yangu. Yule bwana akacheka. "Utazoea tu."

Utazoea tu! Mimi?

Nikawatoa wote wawili. Kwenye ngazi shangazi akageuka: "Ufunguo nabaki nao. Ukipata akili tutarudi."

Yaani miaka tisa nawafungia watu vitasa milangoni, na shangazi bado anadhani kazi yangu ni mchezo! Hawajafika chini, bisibisi iko mkononi. Kitasa kipya kimeshakaa. Kilikuja na funguo tatu, mbili nimezikata kwa msumeno.

Na wewe ukija, piga hodi.