Mchicha Usio na Tui

Likoni, Jumatano, 1943

Siku ya tisa nakula mchicha wa kuchemsha na ndimu, bila tui. Tumbo hujaa, na mchicha twauchuma uani bure. Lakini gauni la kufundishia bado halifungiki mgongoni, Jumatatu naanza kazi, na kwa vita hivi kitambaa kingine hakipatikani.

Leo jirani yetu, Bi Mwanaisha, kamletea Mama bakuli la wali wa nazi. "Shoga, mwanao kakonda uso. Mna njaa, mwatuficha?"

Mama akalipokea kwa haya. Jirani alipotoka akaniambia, "Kesho utakula wali barazani, mwanangu, wapita njia wakuone."

Nimekubali. Nimechoka, na sikuwahi kumwona Mama akihurumiwa.

Ila Jumatatu nitaandikaje ubaoni bila kuwapa watoto mgongo?