Gemu za Kusubiriana na Kikao cha Didia

S.L.P. 46,
Katoro, Geita.
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Apolonia,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba, na marahaba tena. Hamjambo huko Nachingwea? Shemeji mguu wake umepona? Na mwanao Blessing bado anaukataa uji? Sisi huku tu wazima. Mvua zimekata, vumbi la bodaboda tunalila pamoja na ugali.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanimalizia maneno. Tangu kiharusi kile, maneno yangu yanafika, ila yanakuja kwa miguu. Barua haikatizwi. Mwandiko usiucheke, ni wa mkono wa kushoto.

Ndugu yetu Makoye alikwambia kwamba mama anahamia kwake Geita, na wewe ukakubali. Basi mama hakuhama. Yuko Didia, nyumbani kwake, na aliyesababisha ni mimi kaka yako, kwa akili niliyoipata kwenye gemu. Cheka kwanza, nakusubiri.

Binti yangu Noela ndiye aliyenianzisha. Mtaalamu wa mazoezi alisema vidole vitumike, naye akanifungia mashine ya gemu kwenye TV. Gemu za mpira na za kukimbizana zilinishinda siku hiyohiyo. Kabla sijakiona kitufe nimeshafungwa. Ndipo akaja na zile za hadithi, za mashujaa wanaosafiri pamoja, ambazo vita yake inapiganwa kwa zamu. Apolonia, mle ndani nimekuwa mtu tena! Adui mkubwa kama kontena anasimama mbele yangu, ananikodolea macho, na hanigusi mpaka nimeamua.

Lakini zamu hazifanani, na hapa nisikilize vizuri, maana Katoro nzima hakuna anayezijua kunizidi. Kuna gemu ambayo kila mtu ana mstari wake unaojaa taratibu. Ukijaa unacheza, na ukichelewa kuchagua, adui anakutandika huku bado unafikiri. Ndiyo zamu gani hiyo? Huo ni mnada. Nimenadi ng'ombe miaka mingi kwa sauti yangu hii iliyokuwa inafika mpaka ng'ambo ya soko, najua anayesita anavyorudi nyumbani na kamba tupu.

Ya pili, mwepesi ndiye anayeanza. Vijana wanaisifu mno. Sasa mimi katika kundi langu nina mama mmoja tabibu, mzito wa miguu, na ndiye pekee mwenye dawa. Kila vita anaitwa wa mwisho. Zamu yake ikifika, wenzake wameshalala chini. Siku moja nilikasirika mpaka nikazima TV. Mtu mwenye dawa unampangaje mwisho ati kwa sababu ni mzito?

Ya tatu ndiyo yangu. Upande wetu wote unacheza, kila mmoja, kwa mpangilio tunaoutaka wenyewe, na adui hainui hata kidole mpaka wa mwisho wetu amemaliza. Noela anasema hiyo ni ya kizamani, tena ni rahisi. Mwache aseme. Mimi nimeimaliza gemu nzima kwa mkono mmoja, yeye amekwama katikati mpaka leo.

Haya, siku ya kikao cha familia kuhusu mama. Nafika Didia na Noela, nakuta gari la Makoye liko uani, na juu yake godoro la mama, limeshafungwa kamba. Kikao hakijaanza! Nilichemka. Lakini kuchemka na ulimi huu kunanifaa nini? Ndugu zetu wote wanajua kusema haraka haraka haina baraka, ila neno likichelewa mdomoni mwangu wanalinyakua.

Mkubwa ni mimi, na kikao nafungua mimi. Nikatangaza, polepole: kila mtu zamu moja, na atakayekatiza, yake imekufa. Makoye akacheka, "Kaka, hiki ni kikao au gemu?"

Nikamwambia, "Gemu. Anza wewe."

Aliongea vizuri, simnyimi sifa yake. Maji ya bomba, hospitali karibu, chumba chenye sakafu ya marumaru. Anampenda mama, hilo sina shaka nalo. Wengine wakamuunga mkono mmoja mmoja. Ikafika yangu. Nilikuwa na maneno mawili tu: mama hajaulizwa. Kuku waliingia ndani wakatoka kabla sijayamaliza, na hakuna aliyenimalizia. Hakuna hata mmoja!

Halafu nikamgeukia mama, nikasema, "Zamu ya Mayu."

Wakatazamana. Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni anachambua choroko, hakuna aliyekuwa amemhesabu. Aliendelea kuchambua. Makoye akafungua mdomo, Noela akamwinulia kidole, akaufunga. Na mimi, mdogo wangu, nilitamani sana kumsaidia maneno. Nikauma ulimi.

Mama akaweka ungo chini. Akasema, "Tangu baba yenu afariki hakuna aliyeniuliza kitu. Geita nitakuja kuwasalimia. Shusheni godoro langu."

Makoye mwenyewe ndiye aliyefungua kamba, na alilibeba peke yake mpaka chumbani. Najivunia mama, najivunia Makoye, ila najivunia mimi mwenyewe kuliko wote, sikufichi.

Msalimie sana shemeji, na Blessing mwambie mjomba anamtaka anywe uji. Noela anakusalimu, Makoye naye pia. Mungu akutunze, akupe afya na wanafunzi wasikivu. Kwa hayo machache, wabeja sana kwa kunisoma mpaka hapa.

Na ukipiga simu Didia usimuulize Makoye. Muulize mama mwenyewe yu hali gani, halafu nyamaza.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Pantaleo